Kata Popo, Mwache Bibi Kizee

Oktoba inapoelekea ukingoni, simu za walimu wa chekechea hujaa picha: maboga ya rangi ya chungwa yenye meno, mizuka iliyokatwa kwenye karatasi nyeupe, popo, buibui, paka mweusi, na bibi kizee mwenye pua iliyopinda, kapanda ufagio. Picha hizo hutoka mbali lakini hazingoji feri. Mwalimu wa PP1 aliyeko Luanda Kotieno, kule Uyoma katika kaunti ya Siaya ambako magari hupanga foleni kuvuka kwenda Mbita, huzipata dakika ileile anayozipata mwenzake wa Nairobi, ambako baadhi ya maduka makubwa na shule za karo ya juu zimeshaizoea Halloween. Afanye nini nazo? Wapo watakaomwambia azifute zote, ni za kishetani. Wapo watakaomwambia azichape zote kwenye mashine awagawie watoto wapake rangi, ni za kisasa. Ushauri wangu ni wa tatu: aipokee karatasi, aikatae hofu. Kazi ya kukunja, kuchana, kukata na kubandika ina faida kubwa kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, na faida hiyo haihitaji kitisho chochote ili ipatikane. Katika maumbo ya Halloween yapo ya kuchukuliwa yalivyo, yapo ya kugeuzwa, na lipo moja ambalo katika ufuo huu wa Ziwa Victoria halifai kabisa, nalo ni lile la bibi kizee.

Tuanze na hoja inayosikika zaidi, kwamba hii ni mila ya watu. Ni kweli. Halloween ilizaliwa Ireland na Scotland, ambako mwisho wa Oktoba mavuno yameisha, jua linazama mapema kila siku kuliko jana, na baridi inabisha hodi. Huko wazee walisema kwamba usiku huo wafu hutembea, wakachonga nyuso za kutisha kwenye tanipu na kuwasha moto ndani yake. Sisi tunaoishi karibu kabisa na mstari wa ikweta hatuna majira ya giza kuingia. Jua la Luanda Kotieno huzama kama saa moja kasorobo jioni, iwe Juni au Desemba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maana ya sikukuu hiyo haina mahali pa kukaa hapa. Lakini kusema kitu ni kigeni hakujamaliza hoja, maana hata boga lenyewe, lile budho ambalo majani yake tunayala kama susa, asili yake ni bara la Amerika, kama ilivyo asili ya mahindi na mhogo. Waayalandi walipohamia Marekani karne ya 19 ndipo walipokutana na boga wakaiacha tanipu. Huku kwetu boga lilikuwa limeshazoea shamba. Kwa maana hiyo boga ni la kwetu kama ugali ulivyo wa kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ila ziwa limetufundisha pia kumchungulia mgeni kabla ya kumkaribisha. Samaki aitwaye mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Akajenga viwanda na kulipa karo za wengi, na akawameza samaki wadogo waitwao fulu hadi aina nyingi hazionekani tena. Basi tusiulize tu kitu kimetoka wapi. Tuulize kikifika kitamfanya nini mtoto wetu.

Na kuhusu hofu, tunao ushahidi unaofaa kujulikana na kila mwalimu wa chekechea. Mwaka 1969 mwanasaikolojia wa Marekani, Rheta De Vries, alichapisha utafiti alioufanya kwa kumtumia paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walimwona paka, wakamshika, wakakiri kuwa ni paka. Kisha kichwa cha paka kikafichwa kwa muda huku mkia na kiwiliwili vikiendelea kuonekana, na kilipotokeza tena kilikuwa kimevishwa kinyago cha mbwa. Wengi wa wale wa miaka mitatu waliamini kwamba sasa huyu ni mbwa. Wengine walihofu kwamba atabweka au atauma. Wale wa miaka sita, kwa kawaida, walijua kwamba paka ni paka hata akivishwa nini. Baina ya umri huo na huu ndimo chekechea ilimo. Mtoto wa PP1 yuko katikati ya daraja, hajafika ng'ambo ambako sura na kitu chenyewe hutenganishwa. Ukimvisha mwenzake kinyago cha mzuka, wewe unaona karatasi na uzi. Yeye anaweza kuona kwamba rafiki yake ameondoka na kitu kingine kimekalia kiti chake.

Hilo lingekuwa jambo dogo mahali ambapo watu wazima wote wanaicheka mizuka. Si hivyo hapa. Mtoto wa Uyoma hakuanza kusikia habari za usiku kwenye katuni. Amesikia kuhusu jajuok, yule anayesemekana kukimbia usiku uchi na kurusha mawe juu ya mabati, na amesikia kutoka kwa watu wazima wenye nyuso zisizo na mzaha. Kwake yeye mchawi si mhusika wa hadithi. Ni tuhuma inayoweza kumwangukia jirani. Na tuhuma hiyo huua. Mei 2008, katika eneo la Kisii, mwendo wa saa chache tu kutoka ziwani, watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi walichomwa moto. Oktoba 2021, Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai hayohayo. Ng'ambo ya kusini ya ziwa hili hili, Mwanza na Shinyanga, kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi ni wa moshi wa jikoni. Sasa mpe mtoto wa miaka minne karatasi nyeusi, umwelekeze akate mwanamke mzee, ampinde pua, ambandike jicho jekundu, kisha umwambie: huyu ndiye mchawi, ni mbaya, tumtundike ukutani. Somo gani limefundishwa hapo? Wazungu nao waliwahi kuwachoma vikongwe, na karne zimepita hata bibi wa ufagio akawa kichekesho kwao. Kwetu majivu hayajapoa. Ndiyo maana nasema umbo hilo liachwe nje ya darasa, na mwalimu asijione amepungukiwa na lolote.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Tangu lini, atauliza, watoto wa Kiluo wakalindwa na hofu? Si bibi ndiye aliyewakusanya wajukuu jioni akawasimulia sigana, yaani ngano, za Apul-Apul, zimwi mlaji watu? Si hapo karibu na Kendu Bay ambapo ziwa la Simbi Nyaima husemwa kuwa lilikuwa kijiji, kikazama chote kwa kumnyima mgeni mzee hifadhi? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sehemu yake ni kweli: mtoto hupenda kutishwa kidogo, na hofu ndogo humkomaza. Lakini tazama jinsi sigana ilivyojengwa. Inasimuliwa na mtu anayempenda mtoto, mtoto akiwa ameegemea ubavu wake. Zimwi lina ukubwa ambao kichwa cha mtoto mwenyewe kinauweza, kwa kuwa halionyeshwi. Lina wimbo, ambao watoto huudaka na kuitikia. Zaidi ya yote lina mwisho, na kwa kawaida mwisho wake ni kwamba werevu unalishinda. Kinyago hakina mwisho. Kinaning'inia tu pale, na kesho kiko palepale. Tena zimwi la sigana halifanani na jirani yeyote. Na kwa habari ya Simbi Nyaima, tuisome vizuri: katika kisa hicho bibi kizee ndiye mwenye haki, na kijiji kilichomfukuza ndicho chenye kosa. Wazee wetu walijua upande gani wa kumweka ajuza. Ukitaka kisa cha kusindikiza kazi ya karatasi ya mwisho wa Oktoba, hicho kinatosha, na watoto wataweza kukata samawati ya ziwa na nyumba ndogo za kahawia zinazoingia majini.

Wapo pia watakaosema kwamba kinyago anachokitengeneza mtoto mwenyewe hakiwezi kumtisha, maana ameona tangu mwanzo kwamba ni karatasi. Nakubali kwa huyo aliyekitengeneza. Lakini kinyago hakibaki darasani. Kinakwenda nyumbani, na jioni mdogo wake wa miaka miwili, ambaye hakuona gundi wala mkasi, anakutana nacho mlangoni wakati mama yupo ufuoni akianua omena. Kama ni lazima kuwe na sura, basi ziwe za wanyama, kiboko, mamba au fisi, zibandikwe kwenye bua kavu la mtama, na mtoto azishike pembeni ya uso wake bila kuufunika. Kila atakayemwona ataona nyuso mbili kwa pamoja, ya Atieno na ya fisi, na hilo ndilo hasa somo ambalo umri wake unalihitaji.

Kanisa nalo lisikilizwe, si kwa adabu tu bali kwa sababu wazazi wengi wa watoto hawa wamo humo. Nyanza ina Waanglikana waliojenga Maseno tangu 1906, na mwaka huohuo Waadventista wa Sabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay. Kwa Waadventista suala la mizuka si la ladha bali la imani: wao hufundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote, hivyo mzuka wa karatasi unaotabasamu ni mafundisho yanayopingana na ya Sabato. Mwalimu wa shule ya umma hana sababu ya kuchokoza hilo. Kwa upande mwingine, Wakatoliki na Waanglikana wanaweza kukumbushwa kwamba jina la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Kanisa liliithibitisha tarehe 1 Novemba kati ya karne ya 8 na ya 9. Mzuka ukiondolewa, hakuna dhehebu litakalogombana na boga, popo au taa. Na anayeliona hata jina la siku hiyo kuwa mwiba, aliache. Oktoba ya Kenya ina sikukuu zake: Siku ya Mazingira tarehe 10 na Mashujaa tarehe 20. Popo ni mazingira, tena hula wadudu wa usiku kwa wingi. Karatasi haijui imekatwa tarehe ngapi.

Kwa nini basi nang'ang'ania karatasi? Kwa sababu ya mkono. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo bado ni gegedu. Mifupa hujitokeza mmoja mmoja, na wa mwisho huja mtoto akiwa na miaka kumi hivi au zaidi. Mtoto wa miaka minne anayelazimishwa kujaza kurasa za herufi a kati ya mistari miwili anadaiwa kazi na mkono ambao haujamaliza hata kuumbwa. Hili nalisema kwa wazazi, maana malalamiko yao ninayajua: tumelipa ili mtoto asome, analeta nyumbani vikaratasi. Hebu watazame vidole vinavyochana karatasi. Kidole gumba na cha shahada vinabana upande mmoja, vya mkono wa pili vinabana upande wa pili, mmoja unavuta na mwingine unazuia. Huko ndiko kushika kalamu kunakoanzia. Friedrich Fröbel alipofungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliweka kukunja, kusuka na kukata karatasi miongoni mwa kazi za kila siku, si kama burudani ya kupoteza muda. Nchini Kenya nako, tangu kilipoanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea mwaka 1984, walimu wamehimizwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vinavyopatikana palepale kijijini, na mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini 2019 umezipa shughuli za ubunifu nafasi yake ndani ya ratiba ya PP1 na PP2. Mzazi anayetaka mwandiko mzuri darasa la tatu aombe karatasi ichanwe sasa.

Ila faida hiyo hupotea yote kwa njia moja, nayo ndiyo inayotumika zaidi: mwalimu anakata mwenyewe popo arobaini usiku, na asubuhi mtoto anabandika macho mawili tu. Ukuta unapendeza, mkaguzi wa kaunti anasifu, na mkono wa mtoto haukufanya kitu. Popo arobaini wanaofanana ni kazi ya mwalimu. Popo mmoja mwenye bawa fupi na bawa refu ni kazi ya mtoto. Nikilazimika kuchagua kati ya ukuta mzuri na ukuta wa kweli, sina shaka nitatundika upi.

Karatasi yenyewe isiwe kisingizio. Manila ina bei, na dukani Luanda Kotieno huenda isipatikane siku unayoihitaji. Mfuko wa unga wa kilo mbili ni karatasi imara. Ukikung'utwa na kufunguliwa kwenye mshono, upande wa ndani ni safi, hauna maandishi. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya kaki nayo imekuwa mingi zaidi. Magazeti ya zamani yanafaa kuchanwa. Mfuko wa saruji uache. Vumbi lake huwasha ngozi na macho. Na watoto waambiwe, kwa Dholuo, lugha ambayo mtaala wenyewe unataka wafundishwe nayo wakiwa wadogo, kwamba yale mafunjo yanayoota ukingoni mwa ziwa ni mmea uleule ambao Wamisri wa kale walitengenezea karatasi zao, hata jina la karatasi katika lugha kadhaa za Ulaya limetoka kwenye mmea huo. Kisumu wapo mafundi wanaotengeneza kadi kwa magugu maji, lile janga la kijani. Mtoto wa ziwani hana sababu ya kuiona karatasi kama kitu cha mjini.

Gundi pia ni ya jikoni. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, mimina ule uji ndani huku ukikoroga, uache utokote dakika chache hadi ung'ae, kisha uepue upoe kabisa kabla mtoto hajaugusa. Unga wa mhogo unafaa vilevile. Chumvi kidogo huuchelewesha kuchacha, lakini usiuweke zaidi ya siku mbili. Mtoto akiulamba, amekula uji mbaya tu. Adui wa gundi hii ni mende na panya, kwa hiyo kazi zilizokauka zitundikwe kwenye kamba, zisirundikwe kabatini. Kwa rangi nyeusi, saga makaa uchanganye na gundi hiyo iliyozimuliwa. Kwa rangi ya boga, koroga bizari ya manjano kwenye maji, halafu mtu mzima, si mtoto, atie chembe ya magadi yale yale ya kupikia mboga: manjano yanageuka kuelekea wekundu mbele ya macho yao. Nashauri usieleze chochote kwa dakika nzima. Waache washangae kwanza. Onyo moja: bizari haitoki kwenye sare, kwa hiyo fulana kuukuu zivaliwe juu.

Ukishapata hivyo, anza na uwezo wa mkono wala usianze na picha. Wa miaka mitatu wachane na kubandika: gazeti lililochanwa vipande, likapakwa rangi ya bizari na kubandikwa ndani ya duara kubwa, limekuwa boga, na hakuna mkasi ulioguswa. Wa miaka minne huweza mkato mmoja mmoja wa mkasi, bila kufuata mstari. Wape kamba nyembamba za karatasi wazikatekate ziwe majani ya susa. Wa mitano wengi huweza kufuata mstari ulionyooka, na hapo ndipo boga la mviringo linapowezekana. Kata vipande vinne vyembamba, kila kimoja urefu wa rula ya shule na upana wa vidole viwili vya mtoto. Vipishanishe katikati kama nyota na kuvibandika. Vikishakauka, inua ncha zote juu zikutane, uzibane na kuzifunga kwa gundi. Kubana ndiko kugumu, kwa hiyo wafanye wawili wawili, mmoja anashika na mwenzake anapaka. Popo ni rahisi zaidi na humfunza mtoto jambo ambalo maneno hayawezi kulifunza: kunja karatasi mara moja, kata nusu ya popo upande wa mkunjo, fungua, na bawa la pili limejitengeneza lenyewe. Au mchore mtoto viganja vyake viwili, avikate avibandike kama mabawa. Mama atakayemtunza popo huyo atakuwa ametunza kipimo cha mikono ya mwanawe alipokuwa na miaka mitano.

Mkasi uwe wa ncha butu. Darasa likiwa kubwa, na madarasa mengi ya kaunti ni makubwa, usigawe mikasi kwa wote. Kundi la watoto sita liwe nayo mbele yako, wengine wachane na kubandika, kisha wabadilishane. Anayeutwaa kwa mkono wa kushoto mwache autumie huo. Kipindi cha chekechea ni dakika 30, na hazitoshi kuanza na kumaliza. Boga ligawanywe siku mbili, gundi ikauke usiku.

Na mzuka je, ule mweupe unaopeperuka? Sisi tunao wa kweli, na ni mzuri kuliko ule wa tishu. Wakati fulani sam, wale wadudu wadogo wa ziwani, hupanda juu ya maji kwa mamilioni, na kwa mbali utadhani ziwa linafuka moshi. Kila mtoto wa ufuoni ameuona moshi huo. Tandaza karatasi, paka ukanda wa samawati chini, na kila mtoto achovye kidole gumba kwenye rangi ya makaa na kupiga mihuri inayopanda juu, kumi kumi, akihesabu. Hapo wingu limesimama, hesabu imefanyika, na hakuna aliyelala na taa ikiwaka kwa woga.

Nimeiacha taa mwisho kwa kuwa ndiyo naipenda zaidi. Halloween ya Waayalandi ilikuwa na taa zake za tanipu, na kuna watu wachache duniani wanaoijua taa ya usiku kama wavuvi wa omena. Giza likiingia, mitumbwi hutoka, taa huwashwa juu ya maji, na omena hufuata mwanga hadi kwenye wavu. Usiku wa mbalamwezi samaki hutawanyika na mapato hupungua. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, sasa nyingi ni za betri na za jua. Kwa mtoto wa hapa, kwa hiyo, mwanga gizani haumaanishi mzuka. Unamaanisha baba yuko kazini. Taa ya karatasi hutengenezwa kwa kukunja karatasi katikati kwa urefu, mwalimu akachora mstari vidole viwili kutoka ukingoni, na mtoto akakata kutoka kwenye mkunjo mpaka mstarini, mikato mitano kwa mdogo, kumi kwa mkubwa. Ikifunguliwa na kuviringishwa na kingo zake kubandikwa, inatuna katikati kama karabai. Ikatiwe mshikio wa karatasi juu. Mshumaa au koroboi visiingie ndani yake kamwe, hata kwa dakika ya picha. Zitundikwe zote kwenye kamba moja juu ya lile ziwa la samawati lenye wingu la sam, na darasa litakuwa na usiku wake bila mchawi.

Wewe mwalimu unayesoma haya, anza kuomba mifuko ya unga mapema, muhula wa tatu unapofunguliwa. Mfuko mmoja wa kilo mbili unamtosha mtoto mmoja kwa boga na popo, na kwa darasa la watoto 40 utahitaji mifuko 40 pamoja na michache ya ziada kwa watakaoharibu, nao wataharibu. Waambie wazazi waifungue kwa mkono kwenye mshono wala wasiichane kwa kisu, waikung'ute, na waikunje mara mbili tu.